Kafara ya Pura Besakih, 1963: Nani Aliyekosea Tarehe?

Ijumaa ya tarehe 8 Machi 1963, makuhani wa Bali walipanda kwenye vibanda virefu vya mianzi vilivyosimamishwa katika hekalu la Pura Besakih, wakakaa huko juu na kengele zao mikononi, wakaanza kusoma dua za kafara kubwa kuliko zote zinazojulikana katika dini ya kisiwa chao. Kafara hiyo huitwa Eka Dasa Rudra. Majivu yalikuwa yakianguka juu ya vitambaa vyeupe, juu ya maua na juu ya wanyama waliokwisha kuchinjwa, kwa sababu Gunung Agung, mlima ambao hekalu hilo limejengwa ubavuni mwake, ulikuwa umeamka tarehe 18 Februari baada ya kulala kwa miaka 120. Siku tisa baada ya kafara hiyo, tarehe 17 Machi, mlima ulilipuka kwa nguvu ambayo haijapata kuonekana tena Indonesia. Watu zaidi ya 1,000 walikufa, na hekalu likabaki limesimama.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna moja, nayo inapendeza masikio: Rais Sukarno alitaka kuwaonyesha wageni wa biashara ya utalii tamasha la kidini, makuhani wakaogopa kwa kuwa wakati wa kafara haukuwa umewadia, wakubwa wakashinikiza, na mlima ukatoa hukumu. Sikatai kwamba siasa ilikuwamo. Lakini msimulizi anayeishia hapo huwafanya makuhani wa Bali kuwa watu wa kusukumwa tu, wasio na hoja yao wenyewe, na hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mgogoro wa 1963 ulikuwa mgogoro wa kalenda na mamlaka, uliojadiliwa kwa lugha ya dini yenyewe, na hata baada ya maafa Wabali hawakuuliza kama kafara inafaa kutolewa. Waliuliza kama ilitolewa siku yake.

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima kwanza mahali penyewe paeleweke. Msomaji aliyezoea mahekalu ya Wahindu ya Mombasa au Dar es Salaam, yaani jengo lenye paa, lenye sanamu ya mungu ndani na kuhani anayeihudumia kila siku, atapotea akifika Besakih, kwa sababu huko hakuna jengo moja wala sanamu moja ya kuendewa. Ni mkusanyiko wa mahekalu zaidi ya 20, kila moja likiwa na ua wake na ukuta wake, yamepangwa kwenye ngazi za ardhi zinazopanda kuelekea kileleni, katika kimo cha takriban mita 1,000. Nyua ziko wazi kwa mvua na jua. Ndani yake mna viti vya mawe na minara ya mbao iitwayo meru, yenye mapaa yaliyopandana kwa hesabu ya witiri, tatu, tano, saba, hadi 11, yaliyoezekwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi. Viti hivyo huwa vitupu siku nyingi za mwaka. Miungu na mababu hukaa mlimani na hushuka wanapoalikwa, na sherehe ndiyo mwaliko: huletewa vyakula, ngoma za gamelan na maji matakatifu, hukaa siku zao, kisha huagwa.

Hekalu kuu la mkusanyiko huo, Pura Penataran Agung, lina viti vitatu vya mawe vilivyowekwa pamoja juu ya jukwaa moja, ambavyo leo hufasiriwa kuwa vya mungu Siwa katika hali zake tatu. Pembeni mwake, upande wa kusini, liko Pura Kiduling Kreteg la mungu Brahma, ambalo huvishwa vitambaa vyekundu, na upande wa kaskazini liko Pura Batu Madeg la mungu Wisnu, ambalo huvishwa vyeusi. Rangi hizo si mapambo. Mbali ya kaskazini na kusini ya dira, kila kitu Bali huelekezwa ama mlimani ama baharini, kaja na kelod, hata kitanda cha mtu, kwa kuwa kichwa hulazwa upande wa mlima. Kwa hiyo mlima huo unapowaka, kinachowaka ni upande ambao kisiwa kizima hulalia kichwa.

Sasa kafara yenyewe. Nimelichagua neno hili kwa makusudi, kwa sababu Kiswahili, tofauti na lugha nyingi zinazotumiwa kueleza mambo ya Bali, kina jina la kitu kinachotolewa ili kuondosha balaa, na hakichanganyi kitu hicho na sadaka ya shukrani. Wabali nao hutenganisha. Zipo sadaka zinazopandishwa juu, kwa miungu, na zipo zinazowekwa chini, kwa bhuta na kala, nguvu za ardhini zinazoweza kudhuru zisipolishwa na zinazoweza kulinda zikilishwa. Kafara ya chini huitwa taur, nayo ina ngazi nyingi. Ngazi ya chini kabisa ni kile kinachofanywa na mama wa nyumba kila siku, anapoweka punje chache za wali juu ya vipande vya jani la mgomba mbele ya mlango. Ngazi ya juu kabisa ni Eka Dasa Rudra, ambamo Rudra, sura ya ukali ya Siwa, hulishwa katika pande zake 11: pande nane za dira, katikati, juu na chini.

Anayetaka kuona jinsi ngazi hizo zinavyofungamana hahitaji kusubiri miaka 100. Na aangalie canang, kisahani kidogo cha mraba kinachosukwa kwa kuti changa la mnazi, lile la rangi ya siagi ambalo halijafunguka. Mwanamke hulikata kwa kisu chembamba, hukunja kingo, hubana kila pembe kwa kibanzi cha mwanzi kisichozidi urefu wa ukucha, kisha hupanga maua: meupe mashariki, mekundu kusini, ya manjano magharibi, ya buluu au ya kijani kaskazini. Juu yake huchoma kijiti cha udi, hunyunyiza maji kwa ua aliloshika kwenye ncha za vidole, na kazi imekwisha. Ramani ile ile ya pande na rangi iliyomo katika kiganja chake ndiyo iliyotandazwa Besakih mwaka 1963, isipokuwa badala ya petali kulikuwa na nyati, mbuzi, nguruwe, bata na wanyama wengine wengi, kila mmoja akiwekwa upande unaolingana na rangi ya ngozi au manyoya yake.

Kafara ya ukubwa huo hutolewa lini? Jibu linalofahamika zaidi ni kwamba hutolewa mara moja katika kila miaka 100, mwaka wa Saka unapoishia kwa sifuri mbili. Saka ni kalenda iliyotoka India, iliyo nyuma ya kalenda ya kimataifa kwa miaka 78, na Wabali huitumia sambamba na kalenda nyingine yao ya siku 210 ambayo haijali mwezi wala jua. Kwa msomaji wa pwani yetu jambo hili si geni sana: anayefunga Ramadhani kwa mwezi muandamo na bado akaenda Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, unaofuata hesabu ya jua ya Nairuzi, anajua kwamba jamii moja inaweza kuishi kwa saa mbili bila kuchanganyikiwa. Kwa hesabu ya Saka, Machi 1963 iliangukia mwishoni mwa mwaka 1884. Sifuri mbili zilikuwa bado miaka 16 mbele.

Hapa ndipo msimulizi wa haraka hufunga kesi. Hata hivyo maandiko ya Bali, yaliyochorwa juu ya majani ya mti wa jamii ya mvumo na kuhifadhiwa katika nyumba za makuhani, hayana sauti moja. Pamoja na hesabu ya miaka 100 yamo pia maelezo kwamba kafara kubwa hudaiwa pale nchi inapochafuka, yanapokuja maafa yasiyo ya kawaida. Na nani angethubutu kusema kwamba nchi haikuwa imechafuka? Mwaka 1906 watu wa nasaba ya Badung walitoka na mavazi meupe kuyakabili majeshi ya Uholanzi na kufa pamoja, na mwaka 1908 nasaba ya Klungkung, ambayo wafalme wake ndio waliokuwa wakubwa wa Besakih, ilikufa kwa namna hiyo hiyo. Januari 1917 tetemeko la ardhi liliua zaidi ya watu 1,000 na kuliangusha hekalu lenyewe. Kisha ukaja ukaliwaji wa Wajapani, vita vya uhuru na njaa. Kafara iliyo chini ya Eka Dasa Rudra kwa daraja, Panca Wali Krama, ilitolewa mwaka 1933 na tena mwaka 1960. Mtu aliyesema mwaka 1962 kwamba deni lililobaki ni lile kubwa hakuwa akimfurahisha rais. Alikuwa na maandiko mkononi.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haitajwi sana, nayo naiona nzito. Jamhuri ya Indonesia ilisita kwa miaka kadhaa kuitambua dini ya Wabali kuwa dini, kwa hoja kwamba ilikosa Mungu mmoja, kitabu na nabii, na watu wake wakawa hatarini kuhesabiwa kuwa watu wa mila wanaosubiri kuingizwa katika dini iliyo rasmi. Utambuzi ulipatikana mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1959 likaundwa baraza la Parisada kusimamia mambo ya Uhindu wa Bali. Bali nayo ilikuwa imekuwa mkoa unaojitegemea mwaka 1958 tu. Ibada iliyokusanya kisiwa kizima katika hekalu moja, chini ya Mungu mmoja aitwaye Sang Hyang Widhi, ilithibitisha kwa vitendo kile ambacho makaratasi yalikuwa yamekubali juzi.

Je, serikali haikuingilia? Iliingilia, lakini kuingilia kwake kuna sura mbili. Kafara ya taifa haiwezi kutolewa na kuhani peke yake, kwa kuwa mwenyewe wa ibada, anayebeba gharama na jukumu, huwa ni mtawala, na mtawala huhesabiwa miongoni mwa walimu wanne ambao mtu wa Bali hupaswa kuwaheshimu. Zamani alikuwa mfalme wa Klungkung. Wafalme walipoondolewa nafasi yao ilichukuliwa na gavana, wakati huo Anak Agung Bagus Suteja, na juu yake Sukarno, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Bali. Mgeni huona wanasiasa wamevamia hekalu, ilhali kwa desturi hekalu ndilo lililokuwa likidai mtawala asimame. Tatizo ni kwamba mtawala huyu mpya alikuwa na kalenda yake, ya mikutano na wageni wa serikali, na kalenda hiyo haikupata kuwa miongoni mwa zile zinazosomwa na makuhani. Husimuliwa kwamba mwishowe rais mwenyewe hakutokea.

Kuna jambo moja la anga ambalo kila mtu anaweza kulihakiki. Kafara za mwisho wa mwaka hutolewa usiku wa kiza, mwezi unapopotea kabla ya kuandama, siku moja kabla ya Nyepi, siku ya ukimya ambapo taa huzimwa na njia huwa tupu kisiwani kote. Tarehe 8 Machi 1963 mwezi haukuwa umepotea. Ulikuwa umebakiza siku mbili tu kuwa mpevu. Kwa wale waliopinga mwaka, hata siku yenyewe ilikuwa na kasoro. Waliounga mkono wangejibu kwamba kafara inayodaiwa na maafa haifungwi na mwisho wa mwaka kama ile ya miaka 100. Nikilinganisha hoja hizo mbili naona ya kwanza ina nguvu zaidi, ingawa ya pili haikuwa kisingizio.

Mlima ulipoanza kutoa majivu mwezi wa Februari, maandalizi yalikuwa yamekwenda tangu Oktoba 1962, na sherehe zake zilipangwa kuendelea hadi Aprili. Nadhani ni hapa, kuliko katika kuchagua tarehe, ambapo uamuzi ulikuwa mgumu kupita kiasi. Wenye mawazo ya kawaida ya usalama watasema ibada ingeahirishwa. Lakini kafara ikishaanzishwa, pande zote za ulimwengu zimekwisha kuarifiwa, na kumwita Rudra kisha kutomlisha ni jambo la hatari kuliko kutomwita kabisa, kama mwenyeji anayewafungulia wageni mlango na kuwaacha na njaa barazani. Isitoshe, kafara ya kuondosha balaa husitishwaje wakati balaa linaonekana kwa macho? Kadiri mlima ulivyovuma ndivyo sababu ya kuendelea ilivyozidi. Wapo walioyaona majivu kuwa onyo, na wapo walioyaona kuwa miungu inashuka. Viongozi wakaendelea.

Tarehe 24 Februari lava ilianza kufurika ukingo wa kaskazini wa kasoko, ikatambaa polepole kwa kilomita zipatazo saba. Haikuua watu wengi, kwa sababu mtu huweza kuikimbia. Mlipuko wa 17 Machi ulikuwa wa namna nyingine: nguzo ya majivu ilipanda zaidi ya kilomita 20, na mawingu mazito ya gesi na vumbi la moto yakaporomoka kwa kasi kufuata mabonde ya kusini, mashariki na kaskazini, yakifuatwa na mafuriko ya tope mvua iliponyesha juu ya majivu mapya. Zipo habari za vijiji ambavyo watu walibaki hekaluni wakipiga gamelan kuwapokea walioshuka. Mlipuko wa pili mkubwa ulikuja tarehe 16 Mei, na mlima haukutulia hadi Januari 1964. Chembe zake zilizunguka dunia kiasi kwamba mwezi ulipopatwa tarehe 30 Desemba 1963 karibu ulitoweka kabisa machoni, badala ya kuonekana mwekundu kama ilivyo kawaida ya kupatwa kamili.

Huelezwa mara kwa mara kwamba lava ilifika hatua chache tu kutoka Besakih kisha ikageuka. Simulizi hiyo yafaa kurekebishwa bila kumkejeli anayeisimulia. Lava ilikwenda kaskazini, nalo hekalu liko kusini-magharibi. Kilichoshuka upande wa hekalu ni mawingu ya moto na tope, na vitu hivyo hufuata mabonde, wakati Besakih imekaa juu ya mgongo wa ardhi kati ya mabonde. Waliochagua mahali hapo, ambao mapokeo huwataja kwa jina moja tu la mtawa Rsi Markandeya aliyefukia madini matano penye Pura Basukian, huenda walikuwa wameusoma mlima kwa makini kuliko tunavyodhani.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na usomaji wake. Waliosema tarehe ilikosewa waliionyesha idadi ya makaburi. Waliosema kafara ilikubaliwa waliionyesha meru iliyosimama. Wengine walisema mlima ulijichukulia kile ambacho kafara haikutosha kulipa. Maelfu waliopoteza mashamba walihamishiwa Sumatra na Sulawesi, ambako wajukuu wao wangali wakisuka canang hadi leo. Mwishoni mwa 1965 mauaji ya waliotuhumiwa kuwa wakomunisti yalipofika Bali, yakachukua watu wanaokadiriwa kufikia 80,000, usomaji wa kwanza uliongezewa ukurasa: kiza cha 1963 kilikuwa hakijakwisha. Suteja, aliyesimama kama mwenyewe wa ibada, alitoweka mjini Jakarta mwaka 1966 na hakuonekana tena.

Sifuri mbili zilipofika, mwaka wa Saka 1900, Eka Dasa Rudra ilitolewa upya, na jinsi ilivyotolewa ndiyo hukumu ya Wabali wenyewe juu ya ile ya 1963. Hawakuitangaza kuwa batili. Walirudia hatua zote kwa utaratibu: Panca Wali Krama mwaka 1978, maji matakatifu kutoka mahali patakatifu pengi, maandamano ya kupeleka alama za miungu baharini na kuzirudisha. Vijiji vilihimizwa kuchoma maiti zote zilizokuwa zimezikwa kwa muda zikisubiri familia zipate gharama za mazishi kamili, kwa kuwa ardhi yenye deni la wafu haiwezi kutakaswa, na mazishi ya pamoja yakafanyika kisiwani kote. Siku kuu ilikuwa tarehe 28 Machi 1979, usiku wa kiza kamili, kesho yake ikiwa Nyepi. Rais Soeharto alihudhuria. Mtawala alikuwapo tena, ila safari hii yeye ndiye aliyeifuata kalenda. Mlima haukufanya kitu.

Septemba 2017 Gunung Agung ulianza kutetemeka tena, watu zaidi ya 100,000 wakahamishwa, na Novemba uwanja wa ndege wa kisiwa ukafungwa kwa majivu. Milipuko midogo ilikuwa ingali ikiendelea ulipowadia wakati wa Panca Wali Krama ya miaka kumi. Swali la 1963 likarudi karibu neno kwa neno, isipokuwa sasa kulikuwa na vipimo vya wanavolkano na eneo la hatari la kilomita nne kutoka kasokoni, na Besakih ilikuwa nje ya duara hilo. Kafara ilitolewa tarehe 6 Machi 2019, usiku wa kiza, na kesho yake taa zikazimwa. Mwaka wa Saka 2000 utafungwa Machi 2079.